Bei ya Herufi

Asi mbili kila herufi, anasema Euaristo,
na patasi yake haina jamala.
Nahesabu jina la ukoo kwa vidole,
vidole vya dobi, vilivyotafunwa na mkojo na chokaa:
O, F, A, L, E, N, V, S.
Dinari nzima imekwisha kabla hatujasema neno.

"Fupisha," asema. "Nyinyi si watu wa matao."

Ni kweli. Jina la Mrumi hasa hukoma kwa -ius,
kama mlango uliofungwa vizuri.
Letu lina mkia wa milimani, -enus, mkia wa nyumbu,
na kila akili ikiusikia huuliza: mlishuka lini?

Tulishuka na nyumbu kumi na mmoja kutoka Umbria,
au tisa, inategemea aliyelewa ni nani.
Mswagaji alikuwa na makengeza:
jicho moja kwenye mzigo, jingine kwa mtoza ushuru.
Wakamwita Strabo,
na wanawe wakalirithi jina hilo kama shamba,
hata waliozaliwa na macho manyoofu.
(Shamba lenyewe hawakurithi. Halikuwapo.)

Kwinto, kitukuu, ndiye pekee aliyekalia kiti:
mwaka mmoja, mtetezi wa walalahoi.
Alisimama mara moja tu akasema, "Nakataza!"
Lilikuwa suala la mfereji wa maji machafu.
Wakubwa wakageuka, wakaulizana: nani huyo?
Kesho yake alisema hakulisikia vizuri swali.
Mfereji ukachimbwa. Unapita nyuma ya nyumba yetu mpaka leo.

Wasemao jina jema hung'aa gizani
waje waone la kwetu,
limepigwa muhuri kwenye bomba la risasi
chini ya njia ya wafinyanzi, gizani kweli,
likipitisha maji ya watu wengine.

"Na wanawake?" anauliza Euaristo, akinoa chuma.
Wanawake wote waliitwa Ofalena.
Binti hakupewa jina, alipewa zamu:
Mkubwa, Mdogo, wa Tatu.
Mkubwa alikufa na uchungu wa kwanza.
Mdogo aliolewa Kapua, akanyamaza.
Wa Tatu
alikuwa na sauti ya kuwatoa popo darini,
akaendesha udobi miaka thelathini
huku kaka yake mmoja akizikwa Hispania
na mwingine akikimbia wadai, hajulikani aliko.
Siku moja sokoni alinunua makarai mawili ya shaba
na mvulana wa Kisiria, miaka saba, bei moja kwa vyote.
Alikuwa akisimulia hivyo mezani, akicheka.
Baba naye alicheka. Sijui alichekaje.

Alimwacha huru kabla hajafa,
akamvika jina lote, mkia na nyumbu wake.
Damu ya Umbria ilikauka hapo.
Walioitwa Ofalenus tangu siku ile ni sisi,
kizazi cha karai.

Basi andika: PVBLIVS OFALENVS HERMIA.
Ondoa Strabo, ondoa Kwinto na mfereji wake.
Ila lazima useme ni nani aliyemwacha huru.
Kwa mwanamume huchongwa herufi ya jina lake.
Kwa mwanamke, sheria ya mawe ni moja,
awe malkia wa udobi au nani:
C iliyogeuzwa, imeupa mgongo mstari,
kama mtu aliyeitwa akakataa kugeuka.

"Hiyo ni asi tatu," asema Euaristo. "Mkono hauipendi."

Nalipa nne.
Ichonge kwa kina, namwambia,
maji ya mvua yatuame humo.

Ananitazama usoni, jicho langu la kulia,
halafu lile la kushoto, ambalo halimtazami.
Baba alikuwa na macho manyoofu.
Euaristo anapuliza vumbi. Haulizi kitu,
na kwa hilo hatozi.